Tenda ya Sabuni ya Askari

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mume wangu, mpole kupita kiasi, alikuwa akisema kwamba mimi hukasirika kwanza, sababu naitafuta baadaye. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule wa vita vya ng'ambo niliikasirikia serikali, jirani yangu na mama yangu mzazi kwa mpigo, wanaonijua hawatashangaa. Wasionijua wanivumilie kidogo.

Tulikuwa tunakaa Nchelenge, karibu na pale boti za wachuuzi wa samaki zinapofikia. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya pili ya Ziwa Mweru, upande ambao siku hizo uliitwa Zaire, nikaolewa huku na mvuvi wa Zambia. Watu wa huku wanasema Kibemba nyumbani na Kiswahili sokoni. Mimi Kiswahili changu nilikuja nacho kutoka kwetu, pamoja na kazi ya kupika sabuni. Mama alinifundisha, au tuseme alianza kunifundisha, maana niliolewa upesi.

Ile miaka ya sabini madukani kulikuwa na rafu nyingi na vitu vichache. Mpaka wa kusini ulikuwa umefungwa, malori yalikosa mafuta, na sabuni ilikuwa ikipita Nchelenge kwa msimu. Basi sisi wapishi wa sabuni tulipata heshima. Ukichoma maganda makavu ya ndizi, ukachuja majivu yake kwa maji, ukachemsha maji hayo na mawese ndani ya pipa, unapata sabuni bila kumwomba mtu wa mjini. Yangu ilikuwa ya rangi ya asali, laini, na ilitoa povu ambalo sijaliona tena kwenye sabuni ya mtu mwingine hadi leo. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele huko kuna watu watakaolipinga.

Kisha vita vikaanza Shaba, jimbo lile la kwetu ng'ambo, na serikali yetu ikaleta askari waje kulinda ziwa. Askari wanatoka jasho. Sare zinachafuka. Boma, yaani ofisi za wilaya, likatangaza tenda: sabuni ya askari itanunuliwa kwa watengenezaji wa mkoa huuhuu, si viwanda vya mjini, kwa kuwa malori yaliyobaki yana kazi nyingine. Kila anayepika sabuni alete jina lake, na afisa atakuja kutoka makao makuu kuchagua kwa haki.

Niliposikia habari hiyo sikufikiria utajiri. Nilimfikiria mama.

Mama alikuwa ng'ambo, mjane, peke yake. Kila boti iliyokuja ilileta watu wenye mafurushi na habari mbaya: askari wasiolipwa wamepita kijiji fulani, wamechukua mbuzi, wamechukua mitumbwi, wamewapiga watu. Nilikuwa nasimama ufukweni nikiwatazama wanaoshuka, nikitafuta kitambaa cha mama kichwani mwa kila mwanamke mzee. Nilimtumia ujumbe kwa wachuuzi mara nyingi, aje tukae naye. Jibu lilikuwa lilelile, na mchuuzi mmoja wa samaki, mtu wa kisiwa cha Chisenga, alinipa neno kwa neno kama alivyoagizwa.

"Mama yako anasema ivi: mi niko muzima. Lakini kukala ku nyumba ya mukwe, kula bukari yake, ile apana. Heri bale basoda banikute na heshima yangu."

Anayetoka mbali, nikishamwambia kwamba basoda ni askari na bukari ni ugali, atauliza, bukari ya mkwe ina nini? Ina kila kitu. Kwetu mama mkwe hali nyumbani kwa mume wa binti yake, hakai anapokaa yeye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Wengine wana sherehe za kulegeza mambo hayo, lakini mama hakuwa wa kulegezwa. Mara ya mwisho mume wangu alipokwenda kumsalimia, mama alijificha nyuma ya magunia ya muhogo akajibu salamu zote kutoka huko, na mume wangu, kwa adabu, akayasalimia magunia, akayauliza habari za afya, akayaaga.

Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu za mwanamke. Nikipata tenda ya serikali, kazi itakuwa kubwa kuliko mikono yangu. Nitahitaji mpishi. Mama ndiye mpishi. Nitamjengea kibanda chake pembeni, atakula jasho lake, na hakuna atakayesema amekuja kula kwa mkwe. Vita vitabaki ng'ambo, yeye atakuwa huku. Nilimweleza mume wangu, akaitikia kwa kichwa polepole, akaenda kuniletea kuni.

Aliyesimama kati yangu na mpango huo alikuwa jirani yangu, mjane wa Kibemba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Yeye naye alipika sabuni, nyuma ya nyumba yake. Sabuni yake ilikuwa nyeusi na ngumu, ukiiangusha mguuni unachechemea. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba ile ni nzuri kwa kusugulia matumbo ya mitumbwi. Yeye alikuwa anawaambia kwamba yangu ni uji, waje na kijiko. Tukikutana tulisalimiana kwa upole mkubwa sana.

Afisa akaja. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, na macho ya mtu aliyeapa kitu. Alisema Kibemba cha mjini, nami maneno yake nayaandika kwa Kiswahili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita kwa kila mwombaji kuona kama kweli anapika sabuni. Mwombaji wa kwanza alikuwa mwenye duka mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichemsha hata chai. Alitoa miche mizuri, imenyooka, yenye harufu ya maua. Afisa akaigeuza, akaona ubavuni mahali palipokwanguliwa kwa kisu ili jina la kiwanda litoke.

"Kiwanda chako kiko wapi?" akauliza.

Mwenye duka akaonyesha stoo. Ndani kulikuwa na nyavu na baiskeli. Afisa akamshukuru, akafunga kalamu yake, na habari ya mwenye duka ikaishia hapo.

Tukabaki wawili. Afisa alianza kwa jirani, kisha akaja kwangu, jua likiwa katikati. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipika samaki wakubwa wa ziwa letu wanaoitwa pale, wenye nyama tamu, kwa mawese, pamoja na sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa tangu asubuhi. Nilitandika kitambaa. Mgeni kuja saa sita na kuondoka bila kula ni jambo ambalo hata adui hafanyi.

Akakagua pipa langu, majivu yangu, vibao vyangu vya kukaushia. Nikamkaribisha mezani.

"Asante, mama. Sihitaji kitu," akasema.

"Hata maji?"

"Nina maji yangu." Kweli alikuwa na chupa yake mfukoni.

Akaondoka. Nilibaki nimesimama na sahani mkononi, damu ikinipanda. Huku ziwani hakuna mtu asiyejua maana ya kukataa chakula saa sita mchana. Aliyekataa ameshakula. Ameshakula wapi? Alitoka kwa nani kabla ya kuja kwangu? Tena nilikuwa nimemwona akijifuta mdomo kwa leso pale njiani. Basi ilikuwa wazi: jirani kamlisha, kamnywesha, na tenda imeshalala nyumbani kwake. Haki ya serikali imeuzwa kwa bukari.

"Labda hana njaa," mume wangu akasema.

Nikamsukumia sahani. Alikula wale samaki peke yake, wote, na nadhani siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nchelenge.

Kesho yake nikaenda boma kushtaki. Nilivaa kitenge cha sikukuu, kwa sababu malalamiko yaliyovaa vizuri yanasikilizwa. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi, na juu ya benchi alikuwa amekaa jirani yangu, naye amevaa cha sikukuu.

"Mama, weye unatafuta nini huku?" nikamuuliza.

"Nimekuya kulalamika," akasema, akitazama mbele. "Juu ya batu benye kupikia bakubwa samaki. Harufu ilifika mpaka kwangu. Nilimupa kande, anasema sihitaji. Nani atakataa kande? Ni mutu mwenye kungojea samaki ya mwenzangu."

"Mi? Samaki yangu aliikataa. Alikuwa ameshiba kande yako."

"Awe, apana. Kande yangu hakugusa hata moja."

Tukatazamana. Nakiri ilikuwa vigumu kwangu kuamini, maana nilikuwa nimeamka na hasira nzuri iliyokamilika, na sasa mtu ananinyang'anya. Lakini mjane yule alikuwa muumini, na uongo wake ulikuwa wa sabuni tu.

Afisa akatuita ndani pamoja. Tukasema wote wawili kwa wakati mmoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta droo ya meza. Ndani kulikuwa na biskuti zilizovunjikavunjika na karanga kwenye karatasi.

"Hiki ndicho chakula changu tangu nimefika," akasema. "Nikila kwa mmoja, mwingine atasema nimehongwa. Nimeuliza nyumba ya wageni, mpishi ni shemeji wa yule mwenye duka. Nimeuliza sokoni, muuza maandazi ni binamu wa mmoja wenu. Kila anayepika katika mji huu ana ndugu kwenye sabuni."

Ndipo nilipouona mkanda wake. Alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Kijana wa watu alikuwa anakonda kwa ajili ya haki yetu, na sisi tulikuja kumshtaki kwamba ameshiba.

Jirani alikuwa wa kwanza kusema. "Mwanangu, mutu hawezi kufa juu ya sabuni."

"Mama yake akisikia atalia," nikasema mimi.

Sijui nani kati yetu alilitoa lile wazo. Yeye alidai ni lake mpaka alipozeeka. Tulimwambia afisa hivi: tutapika pamoja, chungu kimoja, jirani atie unga na mimi nitie samaki, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Atakula kitu ambacho si cha mmoja wetu. Afisa alifikiri sana. Alitazama dirishani, alitazama droo yake ya karanga. Mwishowe akasema haoni kanuni inayokataza hilo. Tukampikia palepale nyuma ya boma, makarani wakichungulia, na alikula kwa namna ambayo wanawake wawili waliokuwa maadui walijikuta wanacheka kwa siri, wamefunika midomo kwa ncha za vitenge.

Baada ya hapo kazi ikaanza. Afisa alikata sabuni zetu vipande sawa, akavitia alama aliyoijua yeye peke yake, akavipeleka kambini. Baadhi ya askari walipewa vya aina moja, wengine vya aina nyingine, wafulie sare na waogee mpaka viishe, kisha waseme. Ilikuwa haki nzuri, ingawa ukweli ni kwamba kila mtu Nchelenge aliweza kutambua sabuni ipi ni ya nani akiwa amefumba macho. Afisa tu ndiye aliyedhani ni siri.

Siku ya majibu alitusimamisha mbele ya boma. Akasema sabuni zote mbili zinasafisha. Moja ina povu jingi na askari wameisifu, hata ndevu wamenyolea. Moyo wangu ukaruka. Nyingine haina povu la kuvutia, akaendelea, lakini ile ya kwanza ilipokwisha, hii ilikuwa bado nusu. Na serikali inanunua sabuni ya kukaa ziwani muda mrefu, mahali ambapo boti haifiki kila mara. Kwa hiyo tenda anapewa jirani yangu.

"Yangu iliisha kwa sababu waliipenda," nikasema. "Chakula kitamu ndicho kinachoisha kwanza."

"Mama," afisa akajibu kwa adabu, "sinunui chakula."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikajifungia jikoni nikalia, si kwa ajili ya sabuni. Nililia kwa sababu kibanda cha mama, ambacho nilikuwa nimeshachagua mahali pake na kufagia, kilikuwa kimebomoka kabla ya kujengwa. Mchana huo boti mbili zilikuwa zimeleta watu wengine, na mwanamke mmoja alisema kijiji cha jirani na cha mama kimehamwa chote. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka nje ikiwa hasira. Nikasema afisa ni mjinga, jirani ni mchawi, na mama ni mwenye kichwa kigumu atakayeuawa na adabu zake.

Mume wangu alikaa mlangoni. Akasema anaweza kwenda kukaa kambi ya wavuvi kule Chisenga kwa miezi, nyumba ibaki bila mwanamume, ili mama aje akae na asimwone. Nilimpenda sana kwa neno hilo, na ninaliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujisifu. Lakini nilijua haitafaa. Samaki wangetoka Chisenga, na mama angejua nani kawavua.

Kisha siku moja jirani akaja. Alisimama uani, hakukaa, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa maji ya majivu. Askari walikuwa wameongezwa. Boma lilitaka sabuni nyingi kuliko pipa lake lilivyoweza, na mabinti aliowaita wamsaidie walikuwa wanaunguza mawese.

"Nimesikia batu ba ngambo banasema mama yako anapika kupita bote," akasema. "Muulize kama atakuya kwangu. Nitamupa nyumba ile ya nyuma, na kazi, na mali yake. Namuomba, mukwai."

Mukwai ni neno la heshima la Kibemba; nilimtazama nikatafuta dharau usoni mwake, nikiitamani kabisa, maana ingenirahisishia kukataa. Haikuwepo. Alikuwa mwanamke aliyechoka anayehitaji mpishi. Lakini hebu fikiria mwenyewe: nimtume mtu kwa mama yangu amwambie avuke ziwa aje kumpikia sabuni mwanamke aliyenishinda. Nilimeza kitu kigumu kama kipande cha sabuni yake. Nikasema nitamtumia ujumbe, lakini asitegemee, mama ni mtu wa kukataa.

Mama alikuja na boti ya kwanza iliyopatikana.

Alifika kupitia kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani, amekaa juu ya mzigo wa samaki wakavu, chungu chake kikubwa magotini, na kilo kadhaa za mwili wake zimebaki vitani. Maji yalikuwa yamepungua, boti ilikwama kwenye matope mbali na nchi kavu, na mtu mwenye nguvu za kuivuta aliyekuwa karibu ni mume wangu. Nilimwona akisita. Kisha akachukua kamba, akaitia begani, akageuza uso wake kwenye nchi kavu na kuanza kuvuta. Mama naye akajigeuza juu ya wale samaki, akalitazama ziwa. Basi mkwe akamvuta mama mkwe mpaka ufukweni, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na hakuna aliyevunja adabu. Wachuuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na sikujali nani ananiona.

Akakaa kwa jirani, kwenye nyumba ya nyuma, hatua chache tu kutoka kwangu. Siku ya pili alikuwa ameshawafukuza wale mabinti, na siku ya tatu alikuwa anamfokea mwenye tenda mwenyewe kuhusu moto. Jirani alinijia akanong'ona, "Mama yako ni mukali." Nikamwambia mimi namfahamu.

Nilikuwa naenda kila siku kukaa naye huku akikoroga. Siku moja nilishindwa kujizuia. Nikachukua kipande cha sabuni yangu na kipande cha ile sabuni ya jirani iliyoshinda, nikaviweka mbele yake. Nilimweleza habari yote, tenda, chungu kimoja, alama za afisa. Nilimweleza kwa sauti ya mtu aliyeonewa, nikangoja mama yangu mzazi anitetee.

Alibonyeza yangu kwa dole gumba. Dole likaingia.

"Chumvi uliweka?"

"Chumvi ni ya samaki, mama. Mume wangu angekausha samaki na nini?"

"Sabuni ya majivu bila chumvi haikauke. Ile mama jirani yako aliweka. Serikali haikukosa."

"Kwa hiyo hata wewe uko upande wao."

"Niko upande wa sabuni." Akaendelea kukoroga. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na unashukuru ulishindwa. Ungeshinda weye, mi singekuya."

Nikafikiri sikumsikia vizuri. Nikamweleza mpango wangu wote, kibanda pembeni, kazi yake, jasho lake. Akanisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayeeleza jinsi ya kuruka.

"Chungu yako iko mu lupango ya nani?" akauliza. Lupango ni uwanja wa nyumba ya mtu.

"Yetu."

"Ya bwana yako. Kuni anapasula nani? Mafuta anakuya nayo mu boti nani? Bukari nitakula pale ni ya nani? Hata serikali ikulipe, ile bukari ni ya mukwe wangu. Singekuya, mutoto wangu. Ningebakia kule."

Alisema "kule" kwa sauti ya kawaida, na kijiko chake hakikusimama. Lakini nilijua kule kulikuwaje, maana kijiji chake nacho kilikuwa kimehamwa wiki ile alipopanda boti, na si wote waliopata boti. Nilikaa juu ya kuni. Ningeshinda. Kama lile pipa langu lingekuwa na konzi chache za chumvi, ningeshinda, ningecheza mbele ya boma, na mama yangu angekaa ng'ambo na heshima yake. Nilichukua kijiko nikamsaidia kukoroga.

Mwaka uliofuata askari walikuwa bado wapo, na afisa wetu akarudi kutangaza tenda upya. Alikuwa amenenepa kidogo, jambo lililotufurahisha sote. Moja kwa moja akaja kwangu, uso umejaa wasiwasi. Kanuni inataka washindani wasiopungua wawili, akasema. Akiwa mmoja tu, tenda inafutwa, na sabuni italetwa kutoka mjini. Je, ninaomba?

"Naomba," nikasema.

Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza chumvi. Mama hakuniacha. Kwenye vibao vyangu kulikuwa na miche iliyokauka sawasawa, na yenye povu pia, maana povu hakuna wa kunifundisha. Nikaipita yote. Nikainama kwenye pipa, nikachota ile ya chini iliyogoma kukauka, nikaifinyanga, nikamkabidhi.

Kidole chake kikaacha shimo. Akaitazama sabuni, akatazama vibao nyuma yangu, akanitazama mimi.

"Mama, una hakika ni hii?"

"Ni hiyo."

Alikuwa mtu wa haki, na haki haikumruhusu kunichagulia. Akaitia alama yake, akaenda.

Siku ya majibu tulisimama tena mbele ya boma, na jirani akatajwa mshindi. Mama alikuwa nyuma ya umati, mnene tena, akibishana na mtu kuhusu bei ya majivu. Afisa akauliza, kama kanuni inavyotaka, iwapo kuna mwenye malalamiko. Watu wote wa Nchelenge wakageuka kunitazama, wengine wakasogea ili wasikie vizuri. Nikasimama. Nikasema ninalo moja tu: mwaka mmoja ni mfupi, wampe jirani yangu huyu miwili, kwa sababu vita vya ng'ambo havijaisha.